Akija, Mlaze

Dukani, 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta na meno yako yote, maana nasikia huko kwenu gerezani mtu huamka na pengo asijue limetoka wapi. Sisi tunapumua. Mama, dada yako, miguu inamsumbua ila mdomo ni mzima. Leo asubuhi amemtukana paka wa jirani mpaka paka kahama. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie nipo," akageukia ukutani.

Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bucha lako linakufa. Ndoano zinaning'inia tupu, gogo la kukatia nyama limekauka mpaka limepasuka, na hata inzi wamehamia kwa jirani. Mchinjaji wako, Kimya, anakaa mlangoni kutwa ananoa kisu kisicho na kazi. Hana ng'ombe wa kulaza, na wateja wachache waliobaki wakimwona na kile kisu wanavuka barabara.

Mnadani hakuna anayetuuzia mnyama. Nikifika, wenye ng'ombe wananigeuzia migongo. Wewe ulinifundisha kwamba watu wa mnadani wanakuheshimu. Siku ya kesi yako walikuja wote, uliowachapa makofi na uliowamwagia ndoo za damu, wamevaa nguo za harusini, wakatoa ushahidi kwa raha zao. Hawakuwa wanakuheshimu, Mjomba. Walikuwa wanakungoja.

Nilikwenda kwa mpishi wa hoteli kumwomba arudi kununua kwetu. Akainamisha kichwa akanionyesha kovu, pale ulipompiga kwa mfupa wa paja kwa sababu alisema nyama ni ngumu. Nikamwuliza kama bado linamuuma. Akanitazama sana, kisha akasema linauma wakati wa baridi tu, na kwamba nikipata nyama nimpelekee yeye kwanza. Nilirudi nyumbani najiuliza, hivi swali dogo namna ile wewe lilikushinda nini?

Ila nyama siwezi kuipata bila Dalali, na hilo unalijua kuliko mimi. Hakuna mnyama anayetoka mnadani bila yeye kuitikia kwa kichwa. Na wewe ulimkata vidole juu ya gogo letu, rafiki yako wa tangu mko wadogo mnabeba ngozi. Mimi ndiye niliyelisugua lile gogo. Nataka niende nikamwombe radhi. Mama alinikumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia tatizo, Mama, ni kwamba huu tulishaukata.

Kabla sijaenda, niambie siku ile ilikuwaje. Mahakamani wewe ulisema neno moja tu, "Aliniudhi." Alikuudhi kwa lipi?

Mpwa wako.


Gerezani, 27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Meno yapo, isipokuwa moja, nalo lilikuwa linauma, kwa hiyo aliyeling'oa namhesabu daktari. Nimechelewa kujibu kwa sababu walinifungia peke yangu katika chumba kisicho na dirisha. Kisa ni godoro. Mtu alilikalia langu, nikamwomba kwa adabu zote ainuke, akacheka. Sasa ukitaka kumwita lazima usimame upande wake wa kulia, maana sikio la kushoto nililitema sakafuni. Tangu hapo kila mtu hapa ananipisha njia. Na usisahau kwamba barua zote zinasomwa na askari kabla ya kutoka. Habari za asubuhi, afande.

Mwambie dada yangu apake mafuta ya moto miguuni. Habari yake nimeipata.

Umenihubiria, binti, nimesikia. Unataka kusema biashara ni watu. Kweli. Lakini watu huwajui wewe. Binadamu ni ng'ombe aliyevaa shati: ukimbembeleza anakaa njiani, ukimwonyesha fimbo anakumbuka kwao. Bucha lile sikulijenga kwa kuuliza makovu ya wapishi.

Mtazame Kimya. Nilimkuta machinjioni wenzake wanampiga mateke kwa sababu hajibu akisemeshwa. Niliwapiga wote, mmoja hakusimama tena wima maisha yake. Tangu hapo Kimya hana baba wala mama ila mimi. Nikamfundisha kulaza. Unajua sisi wa machinjioni hatusemi kuchinja, maana ukilitamka hilo neno mbele ya mnyama anakataa mlango. Tunasema kulaza. Mwekundu mlaze kwanza, mweusi mlaze baadaye. Kamba mguuni, goti shingoni, kisu. Na Kimya nikimwambia laza hajawahi kuniuliza mara mbili. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye biashara.

Kwa Dalali usikanyage. Nenda mnadani na Kimya, akae katikati ya zizi anoe kisu, asiseme kitu. Utaona ng'ombe watakavyokuja wenyewe.

Umeniuliza habari za siku ile. Huku mvua zimeanza, na paa linavuja upande wangu.

Mjomba wako.


Dukani, 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa paa. Mama anaendelea na mafuta ya moto, anasema yanaunguza kama aliyeyaagiza.

Nilikutii, na utii umenigharimu jino la mbele. Sasa tumelingana, mjomba na mpwa, pengo kwa pengo.

Kimya alikaa katikati ya zizi akanoa kama ulivyoagiza. Kwanza wote walimtazama tu. Kisha kijana mmoja mchungaji akarusha jiwe, likanipata mdomoni. Kimya akainuka akamshika mkono akauvunja gotini kama kuni, nikausikia. Hapo uwanja ukapasuka. Fimbo, mawe, ng'ombe wanakanyaga watu. Nilipata fimbo ya mtu nikampiga nayo mwingine, hata simjui, mpaka fimbo ikakatika. Nikaokota kipande nikaendelea. Na nikuambie ukweli, Mjomba, ilininogea. Hilo ndilo lililonitisha kuliko damu iliyokuwa kifuani kwangu. Nilijua nimelirithi wapi.

Ng'ombe hakuja hata mmoja.

Kwa hiyo nimekwenda nilikokatazwa. Nilikwenda peke yangu, mdomo umevimba. Mke wa Dalali alinimwagia maji ya vyombo mlangoni kwake, nikakaa pale pale kwenye ngazi na makombo kichwani. Hatimaye Dalali mwenyewe akatoka. Mkono wake wa kulia umebaki kidole gumba na cha shahada, anavitumia kama koleo. Akaniuliza nani amenipiga. Nikasema, watu wako, na mimi nimewapiga. Akacheka, akamwambia mkewe alete kitambaa.

Tulizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Aliniambia maneno haya, na nimeyashika: "Ukija na kisu nitakuuzia woga. Ukija na uso nitakuuzia ng'ombe."

Na siku ile akanisimulia. Ulisikia kwamba yule ng'ombe mweusi mwenye kipaji cheupe, uliyemchagua wewe, amefichwa auzwe kwa mwenzako. Ni kweli alimficha. Alimficha kwa sababu ng'ombe alikuwa anakohoa damu, na angening'inia kwenye ndoano zako ungeua nusu ya wateja. Dalali alikuja dukani kukwambia. Anasema alifika kwenye "nimemficha yule mweusi," ukamshika mkono ukaulaza juu ya gogo. Hukumwacha amalize sentensi.

Sitakuuliza kama ni kweli. Nilitazama uso wake.

Sasa habari njema. Tumepata wanyama. Ndoano zimejaa, mpishi wa hoteli amerudi na amekuja na wenzake, na yule kijana wa mkono uliovunjika nilimpelekea supu ya mifupa mpaka mama yake akanizoea. Leo kaja kutufagilia mlangoni kwa mkono mmoja, na Kimya anamkimbia kwa aibu.

Dalali anataka kuja. Anasema hawezi kufanya biashara na duka analoliogopa. Anataka asimame mbele ya lile gogo, aweke mkono wake pale pale, kisha tule pamoja yaishe. Akimaliza hilo tutashirikiana rasmi, na bucha halitalala njaa tena. Kwake ni mbali, hawezi kurudi siku hiyo hiyo, na kwetu hakuna nafasi ila chumba chako cha uani. Ufunguo anao Kimya, na amekataa katakata kumfungulia mtu yeyote bila kauli yako.

Nakuomba neno moja tu, nimsomee Kimya, afungue.

Mpwa wako.


Gerezani, 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa jino. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Msalimie dada yangu, mwambie na mimi nipo.

Kuhusu ng'ombe mweusi, sikumbuki.

Nimefurahi kusikia ndoano zimejaa. Umeomba neno la kumsomea Kimya. Msomee hivi: Akija, mlaze. Chumba ni kile kile, ufunguo anao. Shuka nyeupe iko sandukuni.

Mjomba wako.


Dukani, 20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto. Mama hajambo. Hajasema neno tangu juzi, na nyumba hii bila matusi yake haikaliki.

Barua yako ilifika asubuhi, nikamtumia Dalali ujumbe, naye akafika siku iliyofuata. Nilimwita Kimya nikamsomea, polepole. Yeye ambaye hajawahi kukuuliza mara mbili aliniuliza mimi.

"Kasema mlaze?"

"Kasema mlaze."

"Na shuka nyeupe?"

"Iko sandukuni."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunoa. Nilifikiri ananoa kwa ajili ya kitoweo cha mgeni. Mjomba, nilifurahi. Nilisema moyoni, mzee amelegea, amemfungulia rafiki yake chumba. Nilipika naimba.

Dalali alikuja na mbuzi, zawadi kwa Mama. Alisimama mbele ya gogo, akaweka mkono wake juu, akatetemeka mwili mzima, na wateja walikuwapo na hakuna aliyecheka. Halafu akaniambia, "Ni mti tu." Tukala. Mama akamtania kwamba sasa hawezi kuhesabu zaidi ya saba bila kuvua viatu. Alicheka mpaka akapaliwa. Baada ya chakula akasema usingizi wa safari unamsumbua, angejinyoosha kidogo. Kimya akainuka bila kuitwa, akamtangulia uani.

Sikusikia kelele. Nilisikia kishindo. Nimekulia machinjioni, Mjomba, kishindo cha kitu kizito kilichofungwa mguu nakijua hata nikiwa usingizini. Nilikimbia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakijaguswa. Shuka nyeupe ilikuwa sakafuni. Dalali alikuwa juu yake, kamba mguuni, goti la Kimya shingoni, na Kimya anamgeuza kichwa taratibu kama ulivyomfundisha, bila hasira hata kidogo. Kisu kilikuwa kimeshaingia. Damu ilikuwa inapiga ukuta.

Nilikishika kisu kwa makali yake. Sikuwa na muda wa kutafuta mpini. Kimya alivuta, nikakaza. Nilihisi kinagonga mfupa wa vidole vyangu, nikakaza zaidi, nikamng'ata bega mpaka nikatoka na nyama mdomoni. Mama aliingia na fimbo yake ya kutembelea akampiga kichwani, akampiga, akampiga, mwanamke asiyeweza kusimama bila ukuta. Kimya hakutupiga. Alituangalia tu kama watu waliopotoka, akasema, "Mjomba kaagiza." Akakaa kitandani kuwasubiri polisi, uso umejaa damu.

Alipoulizwa akawaambia kwamba mtu aliye kifungoni, barua zake zinasomwa na askari, atasemaje wazi? Atasema kama tunavyosema sisi.

Dalali sasa amelazwa kweli, wadi ya wanaume. Koo limeshonwa, hawezi kusema. Mkewe amekaa mlangoni pa wadi na sufuria ya maji ya moto, ananingoja mimi, na sina la kumlaumu. Mnadani wamefunga. Hakuna anayetuuzia hata kwato mpaka Dalali afungue mdomo. Akisema ni sisi, bucha limekwisha, na mimi nitakwisha nalo, maana ni mimi niliyemwalika na ni mimi niliyesoma ile barua kwa sauti.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu habari za mvua. Ulimaanisha kitanda au ulimaanisha kisu?

Mpwa wako.


Gerezani, 30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku jua ni kali na maji yanatoka mara moja kwa siku. Waliniita ofisini kuniuliza juu ya barua yangu. Niliwaambia someni wenyewe, imeandikwa Kiswahili.

Gogo lisuguliwe kwa chumvi, si kwa sabuni. Kisu cha Kimya kisiuzwe.

Neno lile nimelitumia tangu sijaota ndevu. Mtu husikia kile ambacho sikio lake limezoea. Usiniulize tena.

Kimya amewaambia nini polisi? Na Dalali ameanza kusema?

Mjomba wako.

Mkono wako je?


Dukani, 11 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mkono wangu haufungi. Vidole vitatu vimekufa, vipo tu kwa ajili ya heshima. Mama amerudi kwenye matusi yake, Mungu mkubwa. Nilimsomea barua yako. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha akaniambia niandike wazi kwamba hamsemi mchinjaji.

Dalali ameanza kusema. Sauti imebaki kama ya mlango mkavu, lakini inatosha. Polisi walimwuliza kama anamshuku mtu aliye gerezani. Akawajibu kwamba huyo mtu hajui maana ya maneno yake mwenyewe, wasimsumbue. Kisha akatoka wadini akaenda moja kwa moja mnadani, shingo ina bandeji, akapanda juu ya uzio. Watu walinyamaza ili wamsikie. Aliwaambia, "Yule binti alishika kisu kwa makali." Akashuka.

Basi, imetosha. Siku hizi nikifika mnadani wananipa mkono, na wanashika huu mbovu makusudi. Wananitafutia kivuli. Ng'ombe mgonjwa wananinong'oneza mapema kabla sijamgusa. Mke wa Dalali alinimwagia maji tena, ila mara hii yalikuwa safi, na akanipa sabuni ninawe. Hakuna anayenifanyia haya kwa kuniogopa, Mjomba. Dalali anashika kamba, mimi nashika mizani, na kwa mikono yetu miwili mibovu tunapata mmoja mzima, na kazi inakwenda kuliko ilivyowahi kwenda wakati wako. Kile kibao chako cha "Kwa Mkali" juu ya mlango wa duka nimekiteremsha. Tumekipasua kuni. Kisu cha Kimya sijakiuza. Nimekitupa chooni.

Sasa la mwisho. Kimya amehukumiwa. Kosa alikubali, hakutaka wakili. Hakimu alipomwuliza kama ana la kusema, alinitafuta kwa macho mimi, si hakimu, akauliza, "Nilikosea wapi?" Nilifungua mdomo kumjibu nikakuta jibu sina, kwa sababu wewe umelikalia.

Nimeambiwa wanamleta gereza lenu, chumba chenu. Siku unayosoma hii huenda ameshafika getini. Hana baba wala mama ila wewe. Hatabeba nguo wala sabuni, atabeba lile swali, na nimekwambia mwenyewe kwamba kwangu lilitoka bila jibu. Mimi uliweza kuninyima, niko mbali. Yeye mtakuwa chumba kimoja. Utamtazama usoni, na kama ulimaanisha kitanda utamwambia kwamba alimkata koo mgeni wako bure. Na kama ulimaanisha kisu, utamwambia kwamba alikutii vizuri na hiyo ndiyo shukrani yake. Sijui lipi litamuuma zaidi. Najua tu kwamba sasa anajua kuuliza mara mbili.

Sitaandika tena. Sina ushauri wa kukupa, ila neno moja, na afande naye alisome vizuri kabla hajakupa.

Akija, mlaze.

Mpwa wako.